Historia ya Ukoo wa Mhunzi na Boma Lake: Namna ya Kuikusanya na Kuiandika

Mtu anapoamua kuandika historia ya ukoo wake, mara nyingi huanza na majina: fulani alimzaa fulani, naye akamzaa fulani, mpaka kumbukumbu za wazee zinapofika mwisho. Kwa ukoo wa mhunzi njia hiyo humpotezea mwandishi sehemu kubwa ya utajiri alio nao. Mhunzi aliacha alama ambazo mkulima wa kawaida hakuziacha: mavi ya chuma (mabaki magumu ya kuyeyusha na kufua) yasiyooza, mawe ya kufulia yaliyochimbika kwa mapigo ya nyundo, majembe na mikuki iliyosambaa katika nyumba za watu wengine, na sifa ambayo majirani wanaikumbuka hata pale wajukuu wa mhunzi mwenyewe walipokwisha kuisahau. Kwa hiyo ninashauri uanze na kazi, uendelee na boma, na majina uyapange mwishoni, yakiwa yamekwisha kupata mahali pa kushikilia.

Mfano nitakaoutumia ni Ugweno, kaskazini mwa milima ya Upare, katika Wilaya ya Mwanga, Mkoa wa Kilimanjaro. Nimeuchagua kwa sababu uhunzi wa huko una historia ndefu inayojulikana. Chuma cha Ugweno kilivuka tambarare na kwenda kununuliwa na Wachaga, ambao nao walikuwa na wahunzi mashuhuri, hasa wa Mamba. Mwanahistoria Isaria Kimambo, aliyekusanya masimulizi ya Wapare katika miaka ya 1960, alionyesha kwamba ukoo wa Washana, ambao ndio wahunzi wa Ugweno, ndio pia waliotawala huko kabla ya kupinduliwa na Wasuya wakiongozwa na Angovi, tukio analoliweka mnamo mwanzo wa karne ya 16. Ukiwa unaandika kuhusu ukoo wa aina hiyo, wazee watakuanzishia simulizi la utawala kwanza, kwa kuwa ndilo lenye fahari. Lisikilize mpaka mwisho na uliandike lote, lakini liweke katika sura yake. Habari za utawala ni mali ya Ugweno nzima, ilhali wewe unatafuta habari za boma moja: nani alivukuta, nani alichoma makaa, nani alipeleka majembe sokoni, na chuma chenyewe kilitoka wapi.

Anza na chuma

Kabla hujamhoji mtu yeyote, tembea. Omba ruhusa kwa mwenye shamba, kisha nenda na mtu mmoja anayelifahamu eneo, daftari, kamera ya simu, rula na sumaku. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu inatosha kabisa.

Kazi ya chuma ya zamani ilikuwa na hatua mbili ambazo watu wengi huzichanganya, na tofauti yake ni ya msingi kwa historia ya ukoo. Hatua ya kwanza ni kuyeyusha, yaani kupata chuma kutoka katika mtapo, yaani mawe au mchanga wenye madini yake. Upareni mtapo huo ulikuwa mchanga mweusi wenye chuma unaokusanywa katika vijito. Mchanga huo uliwekwa katika tanuri pamoja na makaa, na mivukuto ikaingiza upepo kupitia mabomba ya udongo. Hatua ya pili ni kufua, yaani kulipasha moto pande la chuma na kulipiga mpaka liwe jembe, shoka, mundu au mkuki. Kuna koo zilizofanya kazi zote mbili, na kuna nyingine zilizofua tu chuma kilichonunuliwa kwa wengine. Ardhi yenyewe itakuonyesha ukoo wako ulikuwa upande gani.

Palipoyeyushwa chuma utakuta mavi ya chuma mengi na mazito, mengine makubwa kama kichwa cha mtoto, yenye matundu, na juu yake mikunjo iliyoganda ikionyesha jinsi yalivyotiririka yakiwa moto. Karibu yake tafuta vipande vya mabomba ya udongo. Ncha iliyokuwa ndani ya tanuri hutambulika kwa kuwa imeyeyuka na kung'aa mithili ya kioo chenye rangi ya kijani au nyeusi, na upande wa pili umebaki udongo mwekundu wa kawaida. Palipofuliwa tu, mavi huwa machache, madogo, bapa upande mmoja na mbinuko upande wa pili, na ushahidi mkubwa ni mdogo mno kuonekana kwa macho ya haraka: ni magamba membamba ya chuma yaliyoruka kila nyundo iliposhuka. Ifunge sumaku katika mfuko mwepesi wa plastiki, ipitishe polepole juu ya udongo mkavu, kisha igeuze. Magamba meusi yatakuwa yamejipanga juu ya plastiki. Pale yanapokuwa mengi kuliko kwingine ndipo lilipokuwa fuawe, yaani jiwe au chuma cha kufulia juu yake, hata kama leo pamesimama mgomba au banda la mbuzi. Ipitishe sumaku hiyohiyo katika mchanga wa kijito kilicho karibu baada ya mvua, uone kama mchanga mweusi unanasa. Ukinasa, una swali zuri la kuwauliza wazee.

Piga picha ya kila kitu pale kilipo, rula ikiwa kando yake, na uandike mahali hapo kwa maneno ambayo mjukuu ataweza kuyafuata. Lakini usichimbe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kwa uchimbaji wa aina hiyo, na zaidi ya sheria, mtu asiye na mafunzo akichimba tanuri analiharibu moja kwa moja, kwa kuwa mpangilio wa tabaka za majivu na mavi ndio unaowawezesha wataalamu kujua umri wake. Vipande vya mkaa vilivyonaswa ndani ya mavi ya chuma vinaweza kupimwa maabara na kutoa tarehe. Ukivichokoa na kuvitia mfukoni, tarehe hiyo imepotea.

Vifaa vilivyobaki nyumbani navyo vina umri wa kusomeka. Fuawe la jiwe lenye bonde lililolainika katikati ni la mfumo wa kale. Fuawe lililokatwa katika kipande cha reli haliwezi kuwa la kabla ya reli ya kutoka Tanga, ambayo Wajerumani walianza kuijenga mwaka 1893 na kuifikisha Moshi mwaka 1911, ikipita chini ya milima ya Upare. Panga lililofuliwa kutoka katika springi ya gari ni la enzi ya magari. Mabadiliko haya yanaonyesha pia kwa nini tanuri zilizimwa. Majembe ya viwandani kutoka Ulaya yalipofurika madukani, na vyuma chakavu vikapatikana bila jasho la kuchoma makaa kwa siku nyingi, kuyeyusha mchanga hakukulipa tena. Kufua kuliendelea, na kunaendelea. Usiandike, kama wengi wanavyoandika, kwamba “uhunzi ulikufa” wakati mwana wa ukoo huohuo angali ananoa mundu na kutengeneza mapanga kwa springi za Land Rover.

Chora boma lote

Mhunzi hakuishi katika kiwanda chake peke yake. Chukua karatasi kubwa, uchore boma lilivyo sasa: nyumba, zizi, migomba, mibuni, njia, mfereji wa maji, makaburi na mipaka. Mipaka ya zamani ya Upareni na Uchagani ilipandwa mimea ya masale, na mstari wa masale ulioachwa katikati ya shamba huonyesha mahali ambapo kihamba kimoja, yaani shamba la ukoo, kiligawanywa au viwili viliunganishwa. Onyesha pia ndiva, yaani bwawa la kukusanyia maji ya umwagiliaji, ambalo boma lilitegemea, na uulize lilichimbwa na ukoo gani, kwa sababu zamu za maji zina kumbukumbu ya nani alikuwa mwenyeji na nani alikuwa mgeni.

Kisha chukua karatasi ya pili, ukae na mzee mmoja, mchore boma kama lilivyokuwa alipokuwa na umri wa kuchunga mbuzi. Hapa ndipo kazi inaponoga. Mzee aliyekujibu kwa sentensi mbili ulipomwuliza kuhusu “historia ya ukoo” atakunyang'anya kalamu na kuchora mwenyewe: kibanda cha kufulia kilikuwa huku, upande usiovuma upepo, si ndani ya nyumba kwa sababu ya moto. Wateja walikaa pale wakisubiri. Makaa yalilundikwa hapa ili mvua isiyaloweshe. Mke mkubwa aliishi nyumba hii, na yule wa pili alijengewa kule baada ya fulani kuoa. Kila nyumba kwenye mchoro itakuletea watu wake, nao watakuja na ndoa, watoto, magomvi na kuhama kwao. Nimeona ramani moja ya namna hii ikitoa majina ambayo orodha ya ukoo ilikuwa imeyaruka kwa miaka mingi, hasa ya wanawake na ya watoto waliofariki wadogo.

Makaburi yashughulikie kwa adabu ya pekee. Katika Upare Kaskazini kuna misitu midogo ya koo ambamo mafuvu ya wahenga yalihifadhiwa, na kuna misitu ya jando, mshitu, ambayo si ya kila mtu kuingia. Andika kwamba mahali hapo papo na ni pa ukoo gani, kama wazee wamekuruhusu kuandika. Usipige picha wala usiweke mahali pake kwenye ramani ya mtandaoni.

Uliza kuhusu mikono, si kuhusu nasaba

Swali la “Tueleze asili ya ukoo wetu” humfanya mzee arudie maneno yaleyale yanayosemwa kwenye vikao. Swali la kazi humrudisha utotoni. “Shikamoo babu. Ulipokuwa mdogo, nani alikuwa anavukuta mivukuto?” Akijibu kwamba ni yeye na binamu yake, endelea: ngozi ya mivukuto ilikuwa ya mnyama gani, nani aliishona, ikitoboka ilizibwa kwa nini, makaa ya mti gani yalipendwa, na kwa nini mti mwingine ulikataliwa. Mwombe aonyeshe kwa mikono yake jinsi koleo lilivyoshikwa. Rekodi sauti, lakini rekodi na video fupi ya mikono, kwa kuwa mambo mengine ya ufundi hayana maneno. Mwache atumie Kigweno au Chasu (Kipare) anapotaka, na uandike majina ya vifaa kama alivyoyatamka kabla hujayatafsiri.

Jihadhari na majina yanayojirudia. Katika kaya nyingi za Upare na Uchaga mjukuu hupewa jina la babu, na matokeo yake watu wawili wa vizazi tofauti huunganishwa kuwa mtu mmoja katika simulizi, au mtu mmoja akagawanywa kuwa wawili. Dawa yake ni kumwambatanisha kila mtu na kazi na mahali: yule aliyefulia kwa jiwe, yule aliyeleta fuawe la reli, yule aliyehamia ng'ambo ya kijito. Orodha ya majina matupu huchanganyika haraka, lakini watu waliofungwa kwenye vifaa na nyumba zao hubaki wametengana.

Wahoji wanawake peke yao, na mapema. Mke wa mhunzi na binti zake walikuwa na ujuzi wa upande wa biashara: bei ya jembe kwa mbuzi au kwa nafaka, gulio lililolipa vizuri, wateja waliokopa na hawakulipa. Aidha, wao ndio daraja kati ya ukoo huu na koo walikoolewa au walikotoka. Katika jamii kadhaa za Afrika Mashariki ndoa na wahunzi ilikuwa na masharti. Kwa Wamasai, kwa mfano, wahunzi, Ilkunono, walioana wenyewe kwa wenyewe na wakadharauliwa na wengine, ingawa mikuki yao ndiyo iliyotegemewa. Usidhani kwamba hali ilikuwa hivyo Ugweno, wala usidhani kwamba haikuwa. Orodhesha ndoa zote unazoweza kuzipata kwa vizazi vitatu au vinne, andika ukoo wa kila bibi, na utazame mwenyewe mahari yalikuwa yakielekea wapi.

Sasa toka nje ya boma. Huu ndio ushauri ninaousisitiza kuliko mwingine wowote: nusu ya historia ya mhunzi iko kwa wateja wake. Nenda kwa majirani wa vijiji vinavyozunguka, uwaombe wakuonyeshe chuma chochote cha zamani walicho nacho. Utaletewa jembe lenye mkia mwembamba uliochomekwa kwenye mpini, kengele ya ng'ombe, kisu kisicho na mpini, labda mkuki uliotundikwa darini. Uliza kilinunuliwa kwa nani, kwa kitu gani, na nani alikwenda kukichukua. Watakuambia pia mambo ambayo familia haikuambii, ikiwemo laana. Mhunzi aliogopwa kwamba akimlaani mtu kwa nyundo au mivukuto, mtu huyo hatapona pasipo kusuluhishwa. Mmisionari Bruno Gutmann wa Misioni ya Leipzig aliandika mwaka 1912 kuhusu mhunzi na imani zilizomzunguka kwa Wachaga, na maandishi yake yana faida, ila yasome ukikumbuka kwamba ni ya mgeni aliyekuja kubadili imani hizo. Unapoandika kuhusu laana, eleza ilivyofanya kazi katika jamii: ilizuia wizi wa chuma, ililazimisha madeni kulipwa, na iliwapa wahunzi kauli katika mashauri. Usitaje familia inayodaiwa kulaaniwa.

Kupata tarehe

Wazee wengi hawakumbuki miaka, lakini wanakumbuka matukio. Tayarisha ukurasa mmoja wa matukio ya eneo hilo na uubebe kila unapokwenda: sotoka iliyoua ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, kodi ya kibanda iliyoanza kutozwa na Wajerumani mwaka 1898, nyota yenye mkia ya mwaka 1910, treni kufika Moshi mwaka 1911, Waingereza kuingia Moshi Machi 1916, rupia kuondolewa na shilingi kuingia mwanzoni mwa miaka ya 1920, nzige wa mwanzoni mwa miaka ya 1930, mbiru ya mwaka 1945, Uhuru wa mwaka 1961, Azimio la Arusha la 1967, na vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979. Mbiru ni alama nzuri kupita zote kwa Wapare, kwa kuwa maelfu walishuka milimani na kupiga kambi Same wakipinga kodi mpya, na karibu kila kaya ina mtu aliyekwenda. “Babu alikuwa amekwisha kurithi nyundo wakati wa mbiru?” ni swali linalojibika. Kwa miaka ya karibu zaidi, jembe la UFI (Ubungo Farm Implements) kutoka kiwanda cha Ubungo ni alama nyingine, kwa kuwa liliingia moja kwa moja katika soko la mhunzi.

Kwa vizazi vya mbali zaidi hesabu ya miaka 25 hadi 30 kwa kizazi hutumika, lakini itaje kuwa makadirio, na usiitumie kumpa babu wa nane mwaka kamili wa kuzaliwa.

Nyaraka zipo, ingawa zimetawanyika. Wilaya ya Mwanga ilianzishwa mwaka 1979, kwa hiyo mambo ya kabla ya hapo yatafute chini ya Wilaya ya Pare yenye makao makuu Same, na ya enzi za Wajerumani uyatafute pia chini ya Moshi. Mahali pa kuanzia ni Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, ambayo ina majalada ya serikali za Wajerumani na Waingereza. Ya Kijerumani mengi yameandikwa kwa mkono wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo huhitaji mazoezi kuusoma, hivyo piga picha kwanza kama unaruhusiwa, kisha utafute msaada. Tafuta maneno kama chuma, majembe, kodi na soko, kwa maana mhunzi mmoja mmoja hatajwi mara nyingi, ila biashara yake inatajwa. Vitabu vya ubatizo na ndoa vya sharika za Kilutheri ni vizuri sana kwa tarehe, mradi ukumbuke kwamba jina la ubatizo linaweza kuwa halikutumika nyumbani hata siku moja. Kama tawi la ukoo lilihamia Upare Kusini, waulize na Waadventista Wasabato, waliofika huko mwaka 1903. Kwa familia za Kiislamu, ambazo ni nyingi Usangi na Ugweno, utapata zaidi kwa mashehe waliofungisha ndoa na kwa karatasi za mirathi zilizowekwa nyumbani.

Kuandika

Panga maandishi kwa kufuata boma na kazi: sura ya mahali, sura ya chuma na njia zake, sura ya nyumba moja baada ya nyingine, na mti wa ukoo mwishoni kama kiambatisho. Katika kila aya msomaji aweze kutofautisha uliloliona, uliloambiwa na unalolidhani. Sentensi ya namna hii inatosha: “Magamba ya chuma yako mengi nyuma ya nyumba ya zamani. Bibi mmoja wa ukoo anasema kibanda cha kufulia kilikuwa hapo kabla ya mbiru. Huenda ndicho kilichohamishiwa barabarani baadaye.” Msomaji anajua mara moja lipi linasimama juu ya lipi.

Masimulizi mawili yakipingana, usiyapatanishe kwa nguvu. Tawi la mke mkubwa litasema nyundo ilirithiwa na mwanawe, na tawi la mke mdogo litasema vingine. Yaandike yote mawili, ukieleza msemaji ana uhusiano gani na mrithi anayetajwa. Mambo ya mipaka ya ardhi yaliyo mahakamani au kwenye baraza la kata yaache nje kabisa, kwa kuwa maandishi yako yanaweza kupelekwa huko kama ushahidi hata kama hukukusudia. Siri za ufundi na za matambiko zinabaki mikononi mwa wenyewe. Mzee akisema “hili usiandike,” funga daftari mbele ya macho yake, na sehemu hiyo uifute katika rekodi.

Rasimu ikiwa tayari, isome kwa sauti kwenye kikao cha ukoo, ukiwaalika na majirani wawili watatu uliowahoji. Soma polepole, sura moja kwa kikao, na uwe na mtu wa kuandika masahihisho. Kisha toa nakala za karatasi, kwa sababu simu huharibika: moja ikae kwa anayefua sasa, moja kwa kila tawi la ukoo, moja kwenye maktaba ya shule ya kata, na moja uiombee nafasi katika mkusanyiko wa Afrika Mashariki wa Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Rekodi za sauti zihifadhi mahali pawili tofauti, kila moja ikiwa na jina la msemaji, mahali, tarehe na ruhusa aliyoitoa, na uache kurasa kadhaa tupu mwishoni mwa kila nakala ili mwenye neno la kuongeza aliandike hapo na kutia sahihi.